Nyekundu Ibaki, Chukua Kijivu

Zuwena mwanangu,

Salamu nimekupa asubuhi uwani, na kesho nitakupa nyingine gatini Mkoani mbele ya watu, nikijitia sina neno. Kwa hiyo hapa naanza na lililonikalisha kitako. Nimemwambia baba yako akupeleke kwa shangazi zako ukawaage, na nimemnong'oneza asikurudishe kabla ya magharibi. Alasiri imeshaswaliwa, kuku wanajichimbia vumbini, na mimi nimekaa kwenye kigoda bandani, daftari juu ya paja, pikipiki mbili mbele yangu, Nyekundu na Kijivu. Mikono ina grisi. Ukiona doa kwenye karatasi ujue ni hilo, si machozi. Machozi yakija nitakwambia.

Sitakuandikia habari ya kula, wala kuswali, wala kuvaa sweta huko Iringa unakokwenda kuongoza wageni kwa pikipiki, wala kumpigia simu bibi yako kila Ijumaa. Hayo nimeyasema mpaka nimejichoka mwenyewe. Nataka kukueleza kwa nini kesho, utakapotoka na begi lako, utakuta mizigo imefungwa juu ya Kijivu na si juu ya Nyekundu. Najua utashangaa. Miezi mitatu mizima nimeihangaikia Nyekundu kama bibi harusi. Nimetia cheni mpya, nimesafisha kabureta zote nne, nimelipaka tangi nta mpaka baba yako akawa anajitazama ndevu humo. Kila mgeni aliyekuja kukuaga nimemleta bandani aione. "Hii ndiyo itakayompeleka mwanangu bara," nikawaambia. Na wewe kila nilipokuuliza ulinijibu maneno yale yale: "Nitachukua utakayonipa, mama." Hukutaja hata siku moja unayoitaka. Ulikuwa unanipa heshima yangu, na mimi nikaihesabu kuwa umekubali.

Pikipiki hizi unazijua kuliko mimi kwa spana, lakini hujui zilivyoingia maishani mwangu. Kijivu ilitangulia. Nilipoajiriwa kuwa bibi shamba, ofisi yetu ilikuwa na mabwana shamba wanne na pikipiki tano, na mimi nikawa wa tano, mwanamke peke yangu. Wao walichagua kwanza. Nikaachiwa hii, injini ya cc mia nne, silinda moja, ndefu, imechubuka ubavu, kiti kimepasuka. "Hiyo haikimbii," mmoja wao aliniambia. "Utafika shamba, watu washavuna, washauza." Wakacheka kicheko kile cha ofisini cha kumcheka mgeni. Nami nikaingia ndani ya kicheko chao, nikaamini kuwa nimepewa makapi. Niliipanda Kijivu miaka na miaka, Kengeja hadi Shumba, na miche ya mikarafuu nyuma, na pampu ya dawa, na mara moja mbuzi mgonjwa amefungwa ndani ya kikapu, na katika miaka yote hiyo sikuisifu hata kwa neno moja. Nilikuwa nikipitwa na wenzangu kwenye lami nikiuma meno. Hapo hapo sikujiuliza kwa nini wao ndio walioombewa msaada wa kusukumwa matopeni kila masika, na mimi sikuombewa.

Halafu mjomba wako akaleta Nyekundu kutoka Maskati, ndani ya kontena, imezungushiwa mablanketi. Akanipa mimi kwa sababu ndimi dada yake pekee anayejua kuendesha. Zuwena, sitaisingizia pikipiki ile. Ni nzuri. Injini ya cc mia sita, silinda nne, kioo mbele cha kuzuia upepo, imetengenezwa kwa safari ndefu kwenye barabara pana, na ukiiwasha hutetemeki hata unywele. Kwa karatasi ina nguvu za farasi mara tatu ya Kijivu. Nilipokwenda nayo Mkoani mara ya kwanza, vijana waliizunguka na swali lao lilikuwa moja: "Inakwenda ngapi, bi mkubwa?" Nikawatajia ile namba ya mwisho kwenye saa yake ya mwendo, nao wakapiga miluzi. Namba ile mimi sijaifikia, wala nusu yake. Kisiwa chetu hakina nafasi ya kuifikia, maana hujatia gia ya nne umeshakutana na kona, au mlima, au harusi. Lakini nilipenda kuitaja.

Sikuelewa wakati ule jambo ambalo wewe ulilielewa ukiwa na miaka kumi na sita. Unakumbuka nilikukuta bandani unafungua nati ya gurudumu la nyuma, ile iliyoshika kutu, na spana fupi imekushinda? Ukachukua kipande cha bomba, ukakichomeka kwenye mkia wa spana ili iwe ndefu, ukaegemea taratibu, nati ikaachia. Ukanigeukia ukasema, "Mama, huu ndio mvuto wa Kijivu. Farasi wa Nyekundu ni mtu mwenye spana fupi ambaye mkono wake una haraka." Nilicheka, nikadhani ni utundu wa maneno. Baadaye nilikaa nikaona umenieleza kitu ambacho mafundi wa mjini wangenizungusha nacho siku nzima. Mvuto ni ule msukumo wenyewe unaolizungusha gurudumu. Farasi ni msukumo huo ukizidishwa kwa haraka yake, kwa hiyo injini inaweza kuwa na farasi wengi kwa sababu tu inazunguka kama wazimu. Nyekundu farasi wake wote wanakaa ghorofani. Mpaka uwapandie huko juu, injini inalia, ndipo washuke, na wakishuka wanashuka wote kwa pamoja. Kijivu wake ni wachache lakini wanakusubiri mlangoni. Kwenye lami iliyonyooka wa ghorofani watakufaa sana. Ukiwa na mzigo, mlima na udongo, unawataka walio karibu. Hili nilipaswa kulijua mimi kwa miaka yangu yote ya barabarani. Ulinifundisha wewe na kipande cha bomba, na nilijisikia fahari mpaka nikaenda kumsimulia bibi yako, ambaye hakuelewa kitu na akakuombea dua hata hivyo.

Sasa nije kwenye lile ambalo nimelizunguka tangu mwanzo wa barua.

Ulikuwa na miaka tisa. Skuli imefungwa, msimu wa karafuu umepamba moto, na mimi nina kazi ya kukagua miche Shumba Viamboni. Ukaning'ang'ania uje. Safari ya kazi nilitakiwa kwenda na Kijivu. Nikatoa Nyekundu, kwa sababu nilitaka watu wa Shumba nao waione. Sababu nyingine sikuwa nayo.

Msimu unaujua. Kila mwenye jamvi anatafuta penye jua, na hakuna penye jua kama juu ya lami. Mbele ya nyumba ya Bi Mize, pale kwenye kona inayopanda, majamvi ya karafuu yalikuwa yamekula nusu ya barabara. Sisi wa hapa tunajua la kufanya: unapunguza, unapita pembeni mdogo mdogo, unamwamkia mwenye karafuu zake, unaendelea. Kwa Kijivu nilipita hapo mara zisizo idadi, na mguu haukugusa chini. Nyekundu haikutaka mdogo mdogo. Gia yake ya kwanza ni ndefu, ukiibana inatingishika itake kuzima. Usukani wake uko chini na haugeuki ila kidogo, kwa hiyo kona ya kubana unaikata kwa kubembeleza. Ikataka kuzima, nikaongeza moto, klachi nusu. Kimya. Nikaongeza tena. Ndipo nguvu zote zikaja, na gurudumu la nyuma lilikuwa limeshapanda ncha ya jamvi. Karafuu kavu chini ya tairi ni gololi tupu. Pikipiki ikalala, na sisi tukalala nayo.

Hayo unayakumbuka. Linalofuata sijui kama unalikumbuka, na miaka kumi na tano sijathubutu kukuuliza. Nilipoinuka, niliitazama pikipiki. Niliinama nikapitisha kiganja juu ya tangi nione limechubuka kiasi gani. Wewe ulikuwa nyuma yangu, umekaa juu ya karafuu za watu, umeshika kiwiko, hulii. Mtoto wa miaka tisa, mkono umevunjika, halii, na mama yake anapapasa rangi. Sijui ilikuwa muda gani. Labda pumzi tatu, labda nne. Nilishtuliwa na Bi Mize aliyetoka mbio uwani kwake, kanga moja begani.

"Ntoto! Ntazame ntoto kwanza, we mwanamke! Chuma hicho chaenda wapi?"

Ndipo nilipogeuka. Yeye ndiye aliyekupakata. Yeye ndiye aliyevunja mwiko wake wa kusongea ugali, akaufunga kwenye mkono wako kwa kanga ili usichezecheze, na yeye ndiye aliyesimama katikati ya barabara kuisimamisha gari ya abiria ituchukue hospitali. Mimi nilifuata nyuma tu. Madaktari walifanya walichoweza, nawashukuru, lakini kiwiko chako cha kushoto hakikunyooka tena sawasawa. Watu wakiniuliza nimekuwa nikisema, "Tulianguka na pikipiki." Ni kweli, lakini ni kweli iliyokatwa kichwa.

Siku ya nne nilirudi Shumba peke yangu, na Kijivu. Nikamwamkia Bi Mize, nikamwambia nimekuja kumlipa karafuu zake tulizozivuruga. Hakutaka kusikia.

"Pesa yako sina haja nayo," alisema. "Kaa kitako uchague."

Nikakaa. Karafuu iliyokanyagwa inavunjika kichwa, na isiyo na kichwa haiwi daraja moja na nzima, mimi bibi shamba ndiye niliyekuwa nikiwahubiria watu hilo. Nilichagua siku mbili, nzima huku, zilizovunjika huku, moja moja, wapita njia wakiniona na kunitambua. Bi Mize hakunigombeza tena. Alikuwa akipita na shughuli zake, na kila akipita ana swali. "Ntoto kalala vipi jana?" Anarudi. "Kala n'ni leo?" Anarudi tena. "Auliza habari yangu?" Kuhusu pikipiki hakuniuliza kabisa, kama haikuwahi kuwepo. Kila nilipomjibu niliona haya upya, na nilikuwa nikiinamia karafuu ili asinione uso.

Tangu siku ile sikukupakia kwenye Nyekundu. Nililipaka tangi rangi, nikaifunika turubai, nikaenda kazini na Kijivu. Nilipostaafu na ofisi ikauza vyombo vyake vya zamani, mnadani nilikuwa peke yangu niliyeitaka Kijivu, nikainunua, na hiyo ndiyo uliyojifunzia wewe. Nilidhani basi nimeshajifunza. Kumbe kujifunza na kuona haya ni vitu viwili. Mimi niliona haya, nikayafunika turubai.

Masika haya yaliyopita mzee mmoja wa Makangale aliniagiza miche ya mikarafuu, ukajitolea tuipeleke pamoja. Nami, baada ya miaka yote ile, nikatoa Nyekundu. Nilisema nataka kuijaribu kabla hujaondoka nayo. Lami yote hadi Konde ilikwenda vizuri, na nakiri, nilikupita mara mbili nikicheka ndani ya helmeti. Halafu tukaiacha lami tukaingia ile njia ya udongo ya shambani kwa mzee, mvua imeshaisuuza.

Uliingia mbele yangu. Ulisimama juu ya vikanyagio, magoti umeyalegeza, Kijivu ikachezacheza chini yako na wewe ukaiachia icheze. Sikusikia moto ukipanda. Nilisikia du, du, du, du, gia ya pili mwanzo hadi mwisho, na kila palipokuwa na shimo shokapu zile ndefu zikalimeza. Miche uliyoipakia haikudondosha jani. Nilikuwa nyuma yako na nilisahau kuangalia njia yangu mwenyewe, nikakutazama wewe. Nikajisemea, huyu nani kamfundisha hivi? Mimi sikumfundisha hivi. Mimi nilikufundisha kupita. Kule kutulia kwako, kuangalia mbali badala ya kuangalia tairi, kukigeuza chombo kwa nyonga na si kwa mikono, hayo umeyatoa kwako.

Nikanasa, bila shaka. Nyekundu ilizama ikachimba, nikiipa moto kidogo haiendi, nikiipa mwingi inarusha matope nyuma mpaka miche ikawa kama imepigwa lipu. Ukarudi kwa miguu. Hukucheka, ingawa mimi ningecheka. "Mama, nipishe kidogo," ulisema. Ukaipanda, ukaishika klachi pale pale inapoanza kuuma, moto umeutuliza sehemu moja, breki ya nyuma umeigusa kwa ncha ya kidole cha mguu isipate kukurupuka, ukaitoa. Pikipiki ambayo umbo lake lote linakataa njia ile, uliibembeleza hadi mlangoni kwa mzee. Mimi niliyekuwa natembea nyuma, matope magotini, nilitaka kupiga kigelegele. Sijawahi kukwambia. Nakwambia sasa: wewe ni mwendeshaji kuliko mimi, kuliko wale mabwana shamba wanne wakiwekwa pamoja, na nimekuonea fahari siku ile mpaka kifua kikaniuma.

Lakini niliona na jambo jingine. Tulipokuwa tunashusha miche, ulijitenga nyuma ya banda la mzee. Ulidhani naongea naye. Uliukunjua mkono wa kushoto, ukaukung'uta, ukaushika kiwiko ukafumba macho. Halafu ukarudi unatabasamu, ukaniambia, "Nyekundu nzuri, mama." Nikachagua kulisikia neno lako, na nilichokiona nikajifanya sikukiona.

Baba yako naye hakuninyamazia. Unamjua, seremala yule, neno lake huliranda mwezi mzima ndipo alitoe. Wiki iliyopita alinikuta napiga nta. Akasimama, akapima mpini wa jembe kwa jicho, akaniuliza, "Wataka Zuwena afike, au wataka atazamwe?" Nilimnunia siku mbili. Chai nilimpa bila sukari ya kutosha.

Leo baada ya adhuhuri nikaja kumalizia. Kazi iliyobaki ilikuwa kutia mafuta waya wa klachi. Nikautia, nikaibana klachi nione inavyokwenda. Nikaibana mara ya pili. Zuwena, klachi ya Nyekundu ni nzito. Mimi siku zote naibana bila kufikiri, maana mkono wangu mzima. Leo nikaendelea kuibana, kumi, ishirini, thelathini, nikawaza msongamano wa kutoka Dar es Salaam, nikawaza mlima wa Kitonga nyuma ya malori yanayotambaa. Mkono ukaanza kuungua. Kisha nikapanda, nikajilaza mbele kama unavyotakiwa ujilaze, nikashika ule usukani wa chini. Ili uufikie vizuri, ili uzito wa mwili usikukalie viganjani safari nzima, kiwiko lazima kinyooke. Pikipiki ile inakutaka kile kile nilichokuvunja mimi. Na mimi nimeipiga nta miezi mitatu, nimeitia cheni mpya, nimeiita ya kwako. Kwa mara ya pili nilikuwa napapasa tangi, na wewe uko nyuma yangu umeshika kiwiko, hulii.

Nilishuka nikakaa chini palepale sakafuni. Hapa ndipo machozi yalipokuja. Nimekwambia nitakwambia.

Nilipoinuka nikafanya kazi. Mikanda ya mizigo nimeihamishia Kijivu. Usukani wake ni mpana na uko juu, kiwiko chako kinakaa kimekunjika kama kinavyopenda, na klachi yake unaibana kwa vidole viwili. Nimeushusha wenzo wa klachi kidogo zaidi, nikiukisia mkono wako kwa kumbukumbu. Utaona kama nimepatia. Sproketi ya mbele yenye jino moja zaidi, kile kigurudumu cha meno kinachovuta cheni, niliishika mkononi, maana ingekupa mwendo mkubwa kwenye lami, nikatamani kuitia ili nawe usipitwe pitwe kama nilivyopitwa mimi. Nikairudisha kwenye kopo. Mlimani, mzigo ukiwa umejaa, utashukuru jino hilo halipo. Wakala wa meli nimempigia, karatasi ya mzigo ameibadilisha, namba iliyoandikwa ni ya Kijivu.

Huko kwenye kampuni yako mpya ya kuwatembeza wageni, walioandika kuwa kila kiongozi aje na pikipiki yake, vijana watakuja na vyombo vyenye farasi wa kutisha. Watakuuliza inakwenda ngapi. Mimi nilipochekwa niliingia ndani ya kicheko cha watu nikakaa humo miaka. Wewe sijui utawajibu nini, na kusema kweli sina wasiwasi, kwa sababu ulimi wako naufahamu. Ninachokijua ni kwamba siku ya tatu au ya nne, njia ya Nyasa ikigeuka udongo na mgeni fulani akanasa, watatafuta wa kuwatoa, na utarudi kwa miguu useme, "Nipishe kidogo." Natamani ningekuwepo nione nyuso zao.

Nikimuuliza mjomba wako atasema nimeitupa lulu. Mwache aseme. Mimi nitabaki na Nyekundu, nitakwenda nayo dukani Kengeja kwa gia ya kwanza, iking'aka njia nzima, na watoto wataniuliza inakwenda ngapi. Nitawaambia inafika dukani.

Jambo moja nakuomba, na si amri. Kama siku ile ya Shumba uliniona nilipoinamia tangi, usinifichie tena. Niambie, kwa simu au kwa barua, hata ukiwa na hasira. Mtoto wa miaka tisa aliyenyamaza kwa kumstahi mama yake amenibebea mzigo huo muda wa kutosha, na sasa una safari ndefu.

Baba yako nitamwachia barua hii akupe baada ya alfajiri. Asubuhi tusiseme mengi, wewe washa Kijivu twende. Gatini watakuwepo wote niliowaonyesha Nyekundu, nao watauliza iko wapi, na watanitazama mimi nijibu. Bi Mize, Mungu amrehemu, hayupo, na ndiye pekee ambaye ningependa awepo. Wao waulize watakavyo. Mimi nitakuwa nimesimama pale unapopandisha chombo melini, na Kijivu sitaiona hata rangi yake.

Nitakuwa nakutazama wewe kwanza.

Mama yako,
bandani, Kengeja